Unga wa Kuleta Maziwa

Kabla sijamsema vibaya dada yangu, niseme kwanza kwamba ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka sita, yeye akiwa na kumi na saba, na tangu siku hiyo nyumba yetu ya Buyenzi iliendeshwa na msichana ambaye chunusi zilikuwa bado hazijamwisha usoni. Baba alikuwa fundi wa magari. Alirudi jioni na mafuta meusi mpaka kwenye kope, akaoga, akaswali, akala, akalala. Aliyenipeleka shule siku ya kwanza, akasimama nje ya dirisha la darasa mpaka mwalimu akamfukuza, ni dada. Yeye mwenyewe aliacha shule mwaka huohuo akaanza kushona nguo za watu. Nilipopata diploma ya ualimu alilia kwa sauti mbele ya wageni, kisha akakasirika kwamba wamemwona akilia.

Nayasema haya ili ieleweke kwa nini nilimwamini. Angekuwa mtu mwingine ameniletea ule unga, ningeuweka chini ya kitanda na kuusahau.

Mimba yangu ya kwanza ilikuwa na wiki thelathini tu nilipojifungua. Sikuanguka, sikubeba kitu kizito, sikugombana na mtu, ingawa baadaye kila aliyekuja kunipa pole aliniuliza hayo matatu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nimekaa nyumbani kwetu Kinanira nasahihisha madaftari ya wanafunzi, maji yakashuka mpaka kwenye ndala. Mume wangu alitoka mbio kutafuta teksi akiwa amevaa shati ndani nje. Kufikia alasiri binti yangu alikuwa ameshazaliwa. Alitoa sauti moja kama kikohozi cha paka, wakamfunika, wakaondoka naye.

Nilimwona siku ya pili, ndani ya kuvezi, kile kisanduku cha kioo wanachowapashia joto watoto njiti. Alikuwa amevaa kofia iliyokatwa kutoka kwenye soksi. Paja lake lilikuwa na unene wa kidole gumba changu. Puani alikuwa na mpira mwembamba uliobandikwa kwa plasta, na muuguzi aliyenisukuma kwenye kiti cha magurudumu aliniambia kwamba chakula chake kitapita humo, na kwamba chakula hicho kinatoka kwangu.

Muuguzi huyo alikuwa mama wa makamo, mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alinipa kikombe kidogo cha plastiki, kimebandikwa plasta yenye namba ya kitanda changu, tano.

"Mama, kamua kila baada ya saa tatu," alisema. "Hata kama unaona hakuna kitu. Hata tone. Ukiacha kuyaita, maziwa yatajua hakuna mutu anayeyangoja."

Nilikamua. Nilipata kitu cha njano, hakikutosha hata kufunika kitako cha kikombe. Muuguzi alikivuta kwa bomba la sindano akaniambia "Vizuri sana," kwa ile sauti ninayoitumia mimi darasani kumpongeza mtoto aliyeandika herufi moja kwa saa nzima.

Tulikuwa wanawake sita katika chumba cha wazazi ambao watoto wao walikuwa kwenye kuvezi. Kitanda cha nne, kilichopakana na changu, kilikuwa cha mama mmoja aliyetoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, aliyekimbia vita na sasa akiishi Kinama, akiuza ndagala, wale dagaa wadogo wa ziwani. Alikuwa na watoto wengine watatu nyumbani. Alikamua huku simu ameibana begani, akiwagombeza wanawe kuhusu maji na kuni, bila hata kuangalia chini, na kikombe chake kikajaa. Mara nyingine aliomba cha pili. Nilimchukia. Sikuwa na sababu nyingine ya kumchukia ila kile kikombe, na nilijua, na nikaendelea kumchukia.

Kila nilipokwenda kumwona mwanangu nilisoma karatasi iliyoning'inizwa kwenye kuvezi yake. Wauguzi waliandika humo alichokula. Kulikuwa na mstari wa maziwa ya mama na mstari wa maziwa ya kopo. Wangu ulikuwa na tarakimu ndogo, wa kopo ukawa unaongezeka. Mume wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akiyaleta hayo makopo, aliniambia, "Usijisumbue, si anakula?" Alitaka kunipoza. Mimi nilisikia kwamba kwa upande wake sihitajiki tena.

Siku ya tano dada alikuja saa ya kuangalia wagonjwa akiwa na chupa ya supu ya miguu ya ng'ombe, uji wa mtama, na pakiti ya kijani.

Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo. Miaka miwili kabla ya hapo, ushonaji ulikuwa umemshinda. Nguo za mitumba zilijaa sokoni na hakuna aliyetaka kungoja fundi wiki nzima kwa gauni moja. Mwanamke mmoja akamwingiza kwenye biashara ya dawa za mitishamba zinazotoka nje: za sukari, za presha, za kupunguza tumbo, za kuongeza maziwa. Walikuwa na mikutano kwenye ukumbi, wote wamevaa kitenge kimoja, wanapigiana makofi. Dada yangu, ambaye maisha yake yote hakupigiwa makofi na mtu, alirudi kutoka mikutano hiyo akiwa ananyoosha mgongo. Alianza kusema maneno kama "wakala" na "ushuhuda". Sikumcheka. Nilifurahi kumwona ana kitu.

Alikaa kitandani kwangu, akaangalia kikombe changu.

"Unakamua mara ngapi?"

"Kila baada ya saa tatu. Ndivyo walivyoniambia."

"Ndiyo maana!" Alijipiga paja. "We unayatoa kabla hayajakusanyika. Yatajaa saa ngapi? Sikia, mudogo wangu. Kunywa huu unga mara tatu kwa siku, na uji. Lala. Usiyaguse matiti mpaka yawe mazito yenyewe. Wametufundisha hivyo, mi sijitungii."

"Lakini muuguzi anasema nisipokamua..."

"Muuguzi ana wagonjwa wangapi? Mi nina we tu."

Pakiti ilikuwa na picha ya mtoto mnene na jani. Nyuma, kwa Kifaransa, waliandika kilichomo: uwatu, shamari, mlonge, na "mimea mingine". Uwatu sikuwa mgeni nao. Buyenzi nzima mwanamke akijifungua anatiliwa uwatu kwenye uji, na hakuna anayeuliza. Kwa hiyo sikuweza kusema nimeletewa uchawi. Nililetewa kitu kinachonukia jikoni kwetu, na mtu aliyekuwa jikoni kwetu.

Lakini kuna jambo jingine, nalo ndilo ninaloliona aibu kuliandika. Ushauri wa dada ulinifurahisha. Nilikuwa nimechoka kukaa kila baada ya saa tatu na kile kikombe, nikijifinya, nikitoa matone mbele ya wanawake watano. Kila mara ilikuwa kama kuitwa ubaoni bila kujua jibu. Sasa mtu niliyempenda alikuwa ananiambia kwamba kosa lilikuwa ni kuhangaika, na kwamba dawa ni kunywa unga na kulala. Nani asingependa?

Kwa siku tatu nilifanya hivyo. Nilikunywa unga ule asubuhi, mchana na jioni. Tumbo liliniendesha. Jasho langu likaanza kunuka bizari mpaka shuka likanuka. Nilikamua mara mbili kwa siku badala ya mara nane, na muuguzi aliponiuliza nikasema ndiyo, nimekamua, hayatoki. Matiti yangu sikuyaona yakiwa mazito. Siku ya tatu nilijaribu nikapata tone moja upande wa kushoto, na upande wa kulia hakuna kitu. Muuguzi aliangalia kikombe, akaniangalia mimi juu ya miwani. Kwenye karatasi ya kuvezi, mstari wangu aliuwekea kistari tu.

Siku hiyohiyo walinipa mtoto kwa mara ya kwanza. Walimtoa kwenye kuvezi na mipira yake yote, wakamlaza uchi kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, wakatufunga pamoja kwa kitenge. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba nilikuwa naangalia chini kila mara kuhakikisha yupo. Kisha akapumua, nikasikia pumzi yake ndogo kwenye mfupa wa kifua. Nadhani nilicheka. Dada alikuwa ameingia wakati huo. Alisimama mlangoni akatupiga picha kwa simu, akafuta machozi, akapiga nyingine.

Kwenye kimeza kati ya kitanda changu na cha nne kilikuwepo kikombe kilichojaa. Mwenyewe alikuwa ameenda kunawa.

Aliporudi, dada alikuwa ameshaondoka. Yule mama wa Uvira alikichukua kikombe chake, akaiona pakiti ya kijani, akanusa hewa.

"Hiyo ndiyo inanuka hivi? Nilifikiri wanapika."

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu bila kukaribishwa.

"Unakamua mara ngapi?"

Ni swali lilelile la dada, na safari hii nilisema kweli. Nilimwambia naambiwa ningoje yajae.

"Apana!" alisema, kwa sauti iliyowageuza wengine. "Nani alikuambia hivyo? Mi nilingoja mara moja tu katika maisha yangu, na sikupenda. Tulikuwa njiani tunakimbia, mutoto wangu wa pili yuko mugongoni kwa shangazi yake, tumepotezana. Siku mbili. Nilipomupata, upande huu ulikuwa umekauka. Mpaka leo huu ni mudogo kuliko mwenzake, tazama." Akanionyesha, bila aibu yoyote. "Maziwa hayangojwi."

Alichovya kitambaa kwenye maji ya moto ya chai yake, akakikamua, akaniwekea. Alinionyesha mahali pa kuweka kidole gumba na vidole vingine, nyuma ya ile duara nyeusi, nisukume ndani kuelekea mbavu kwanza ndipo nibane. Nilikuwa navuta chuchu muda wote. Akanipiga mkono. "Usivute. Si kengele ya shule." Nilipomwambia mimi ni mwalimu, tulicheka wote wawili, mara ya kwanza tangu nilazwe.

Tangu hapo tulikamua pamoja. Ikifika saa alipiga chuma cha kitanda kwa kijiko. Nilimwambia muuguzi ukweli kuhusu zile siku tatu na hakunigombeza, alisema tu, "Tuanze upya, mama." Ilichukua zaidi ya wiki. Matone yakawa mstari, mstari ukawa robo ya kikombe, na siku moja nusu. Hayakuzidi nusu. Mwanangu alikunywa ya kwangu na ya kopo mpaka mwisho. Nilimuuliza muuguzi kama ni zile siku tatu zilizoniharibia. Akasema pengine ndiyo, maana siku za mwanzo zina nguvu yake, na pengine mwili wangu ungekuwa hivyohivyo hata ningekamua tangu saa ya kwanza. Hakuna atakayenijulisha. Unga nilikuwa bado nakunywa asubuhi, kwa sababu dada aliuliza kila alipokuja na sikutaka kumuudhi.

Mtoto wa yule mama wa Uvira alikuwa mkubwa kuliko wangu. Alikuwa karibu kutolewa kwenye kuvezi. Asubuhi moja tulikuta pazia limevutwa na daktari amesimama, na kabla ya adhuhuri mtoto alikuwa amekufa, kwa maambukizi kwenye damu, walisema. Nilikuwa kitandani wakati mama yake aliporudi chumbani. Kikombe alichokikamua asubuhi kilikuwa bado juu ya kimeza. Alikichukua, akatoka nacho hadi kwenye sinki la ukumbini, nikasikia maji yakifunguliwa. Aliporudi alijifunga kifua kwa kitenge, akakikaza kwa nguvu, akakusanya vitu vyake. Nilisema pole. Sikupata neno jingine, mimi ninayefundisha lugha.

Alisimama mbele yangu akaangalia saa ya ukutani.

"Kamua," alisema. "Saa yako imefika."

Akaondoka. Kutoka kwetu kwenda Kinama si mbali, ni basi moja la kwenda mjini na jingine la kwenda kaskazini. Sijawahi kwenda. Mwanzo nilisema nangoja mtoto apate nguvu, baadaye niliona nimechelewa mno kwenda kutoa pole, na sasa sijui hata ningesema nimefuata nini.

Tuliruhusiwa kurudi nyumbani baada ya wiki sita. Sikuwa nimemaliza wiki moja Kinanira, mwalimu mwenzangu alipokuja kumwona mtoto akaniambia, "Kumbe we ni nyota siku hizi," akanionyesha simu yake. Ilikuwa picha yangu. Nimefungwa kitenge, kichwa cha mwanangu kinaonekana chini ya kidevu changu, nacheka. Pembeni kikombe kilichojaa. Chini yake maneno: mama wa mtoto njiti, maziwa yalikuwa yamekataa kabisa, siku tatu tu za unga wetu, tazameni kikombe wenyewe. Mwalimu mwenzangu alikuwa ameipata kwa jirani yake, na jirani kwa mtu mwingine.

Niliikuza picha kwa vidole. Kwenye plasta ya kikombe ilisomeka vizuri kabisa: nne.

Nilimfunga mtoto kifuani nikaenda Buyenzi mchana huohuo. Dada alikuwa sebuleni anapanga maboksi. Alipotuona alisimama amefurahi, mikono ameinyoosha kumpokea mtoto. Sikumpa.

"Ile picha, dada."

"Umeiona? Watu wanaipenda sana. Wanasema unapendeza."

"Kile kikombe si changu."

Alikaa chini polepole. "Maziwa yalikuja au hayakuja?"

"Yalikuja kwa sababu nilikamua. Yule mama wa kitanda cha nne ndiye aliyenifundisha."

"Na unga, ulikuwa unakunywa?"

"Nilikuwa nakunywa."

"Basi," alisema.

"Dada, ulinikataza nisikamue. Mtoto wangu alikosa siku tatu. Na mwenye kikombe kile, mtoto wake amekufa. Umekiweka kwenye matangazo, na mtoto wake amekufa."

Hilo hakulijua. Aliweka mkono mdomoni, akasema Inna lillahi, na kwa muda kidogo nilimwona yule msichana aliyesimama nje ya dirisha la darasa. Nilidhani ataichukua simu aifute picha palepale. Badala yake alisema, kwa sauti ndogo, "Mungu amrehemu. Lakini nani atajua ni chake?"

"Mimi najua."

"We unajua." Sasa sauti ilipanda. "We unajua mambo mengi, ndiyo, umesoma. Nani alikusomesha? Mi nilikaa kwenye cherehani mpaka mugongo ukapinda, nimeomba nini kwako? Siku moja nimeomba kitu? Ni picha tu. Uso tu. Watu wakikupigia, sema ulikunywa. Si uongo, ulikunywa."

Nilirudi Kinanira nikiwa nimekubali. Sikutamka kwamba nimekubali, lakini sikutamka kwamba nimekataa, na yeye alijua maana yake.

Walipiga. Alikuwa amewapa namba yangu. Wanawake watatu, wanne, wote sauti za chini, za watu wanaoona aibu. Niliwaambia ndiyo, nilikunywa, na maziwa yalikuja. Nilichagua maneno kwa uangalifu, kila neno kwa peke yake lilikuwa kweli. Wa mwisho alikuwa msichana, nilihisi hana hata miaka ishirini. Alisema mtoto wake amezaliwa na miezi saba na yuko kuvezi. Huyu aliuliza zaidi.

"Na kukamua je, dada? Wameniambia nisiguse mpaka yajae. Ni hivyo kweli? We ulifanya hivyo?"

Sitasingizia kwamba dada alikuwa ameketi pembeni yangu akinikodolea macho. Nilikuwa peke yangu jikoni, mtoto amelala, nina nafasi na muda wa kusema lolote. Ningeweza kusema: kamua, usimsikilize mtu, kamua kila baada ya saa tatu, weka kitambaa cha moto, sukuma kuelekea mbavu. Nilikuwa nimepewa maneno hayo bure na mtu ambaye hakunidai kitu. Ningeyasema kwa pumzi moja.

Nilisema, "Fuata maelekezo waliyokupa."

Alinishukuru. Aliniombea dua mimi na mwanangu.

Baada ya miezi kadhaa nilikuwa kwenye kituo cha afya, siku ya kupima watoto uzito. Nilikuwa naongea na muuguzi wa mizani, mwanamke mmoja kwenye benchi akainua kichwa.

"Sauti hii," alisema. Kisha akaniangalia usoni. "We ni ule mama wa picha."

Alikuwa msichana kweli, uso wa mtoto wa sekondari, na mapajani kwake mtoto mwenye shingo nyembamba na macho makubwa mno. Alikuwa anamnywesha kwa chupa. Maziwa ya ndani yalikuwa meupe hafifu, karibu maji, kama ya mtu anayelifanya kopo la wiki moja lifike wiki tatu. Aliona ninayoyaangalia akaifunika chupa kwa kiganja.

"Yangu hayakuja," alisema. "Nilinywa pakiti tatu. Wengine hayaji tu, nadhani."

Nilikaa kando yake nikamwambia. Nilimwambia yote: kikombe, namba nne, yule mama wa Uvira, kijiko kwenye chuma cha kitanda, na kwamba siku aliyonipigia nilijua jibu. Niliongea haraka. Mtoto wake alimaliza chupa akaendelea kunyonya hewa. Nilipomaliza nilingoja anitukane. Ningependa anitukane.

"Nilikuuliza," alisema.

"Najua."

"Nilikuuliza we mwenyewe."

Wakaita jina la mtoto wake. Alinyanyuka, akamvua nguo kwa ajili ya mizani, akanigeuzia mgongo. Nilimngoja nje langoni. Nilitaka kumwambia kwamba pengine bado anaweza kujaribu, kwamba nimesikia wapo wanaoyarudisha hata baada ya miezi, wakisaidiwa. Alitoka akapita upande wa pili wa barabara. Sijui anakaa wapi. Namba yake nilikuwa nimeifuta siku ileile aliyonipigia.

Jioni hiyo nilimpigia dada nikamwambia aitoe picha, la sivyo nitakwenda mimi mwenyewe kwenye mkutano wao nikaseme. Aliitoa. Niliandika pia kwenye kundi la wateja wake, maneno machache tu, kwamba kikombe si changu na mama asiache kukamua, na sikuongeza kitu. Baada ya dakika chache nilikuwa nimetolewa kwenye kundi. Picha iliendelea kutembea bila yeye. Mwaka jana mzazi wa mwanafunzi wangu alinionyesha, akiniuliza kama ni mimi, akitaka kumnunulia mkwe wake. Nilimweleza. Siku hizi namweleza kila anayeuliza, hata asiyeuliza, mpaka mume wangu ameniambia ninawachosha wageni.

Binti yangu ana miaka minne. Ni mdogo wa umbo, anavaa miwani, anabishana na kila mtu. Anampenda mama yake mkubwa, na dada anampenda yeye kwa jinsi alivyonipenda mimi, kwa kumlisha kupita kiasi na kumnunulia viatu vya saizi ya mwaka ujao. Kwa muda tuliishi hivyo. Alikuja, tuliongea kuhusu bei ya makaa na magoti ya baba, hatukugusa jambo lile.

Idi iliyopita nyumba ilikuwa imejaa. Majirani, walimu wenzangu, ndugu wa mume wangu. Binti yangu alikuwa amekaa mapajani kwa dada anakula tambi za sukari kwenye sahani yake. Mgeni mmoja akasema, hamuwezi kuamini huyu alizaliwa njiti. Dada akambusu mtoto kichwani.

"Huyu?" alisema, akiwageukia wote. "Huyu mi ndiye niliyemuletea maziwa."

Alisema kwa fahari, bila ubaya. Nadhani kwa sasa anaamini hivyo.

"Apana, dada," nilisema. "Si kweli, na we unajua."

Sikupaza sauti. Wageni waliendelea kula, baadhi yao wakainamia sahani zaidi. Dada alimweka mtoto chini, akamfuta midomo kwa kitambaa, akaenda jikoni. Nilimsikia akiosha vyombo, vyote, hadi sufuria kubwa za pilau ambazo huwa tunaziloweka mpaka kesho yake. Alipomaliza aliondoka kwa mlango wa nyuma. Mkoba wake alituma mtu kuuchukua siku ya pili.

Tangu hapo hajaja Kinanira. Akiwa na neno la kuniambia anampigia mume wangu. Mtoto anauliza mama mkubwa yuko wapi, namwambia yuko Buyenzi, ana kazi nyingi. Mume wangu anasema niende nikamwombe radhi, kwa kuwa yeye ni mkubwa wangu na alinilea. Namwambia nitakwenda siku atakayonitajia neno moja nililosema ambalo halikuwa kweli. Anawasha redio, na mimi naendelea na madaftari yangu.